Visima Chini ya Zulia

Hasira ya Hajra Mikidadi ilikuja kujulikana Ruangwa nzima kupitia simu za watu, na wengi walioiona waliicheka. Lakini waliomfahamu kabla ya siku ile hawakumjua kwa hasira. Walimjua kwa kucheza.

Alipenda ngoma kuliko alivyowapenda waume wawili aliopata kuolewa nao, na jambo hilo alilisema mwenyewe bila kuulizwa. Mume wa kwanza, Mustafa, alimwacha kwa sababu hiyo hiyo. "Ngoma ikilia, miguu yako inatoka nje kabla yako," alimwambia siku ya kumpa talaka. Hajra akamjibu kwamba afadhali miguu yake yeye, ikitoka inajua njia ya kurudi. Jibu lile lilizunguka Mandawa yote, kijiji chao, na Mustafa, ambaye nyayo zake zilikuwa zimeonekana nyuma ya nyumba za wanawake wengine, alihamia Chinongwe kabla ufuta wa mwaka ule haujavunwa.

Sasa Hajra alikuwa mtu mzima, mama wa Rahimu, fundi pikipiki huko Nachingwea mjini, na wengi walimwita kwa jina la mwanawe. Alikuwa na mikorosho aliyorithi kwa mama yake, shamba la ufuta, kuku, na redio yenye spika iliyopasuka. Akienda kupalilia, redio huitundika kwenye tawi. Harusi asiyoalikwa aliiendea hivyo hivyo, na hakuna aliyemfukuza, maana shughuli ilikuwa haikolei mpaka yeye ajifunge kanga kiunoni.

Kitu kingine alichoachiwa na mama yake kilikuwa kisima.

Mto unaopita chini ya kijiji ni mto wa masika tu. Mvua zikikatika, maji hupungua yakawa madimbwi, madimbwi nayo yakakauka, na kiangazi kikikomaa huoni kitu ila mchanga, mweupe, mpana, unaochoma nyayo. Lakini maji hayajaenda mbali. Wanawake hufukua mchanga mpaka mkono unazama wote, na huko chini maji hujikusanya taratibu, baridi na safi, nao wakayachota kwa kata. Kila masika mafuriko hufukia visima vyote, na kila kiangazi wanavifukua upya, palepale kwenye kona ya mto, mbele ya mwamba bapa, kwa sababu kwingine utachimba mpaka uchoke. Cha Hajra kilikuwa pale alipochimba mama yake, na bibi yake kabla ya hapo.

Ni kisimani hapo alipopigana na Limi.

Limi alikuja na mumewe Luhende kutoka upande wa ziwa, pamoja na familia nyingine za Kisukuma zilizoshuka kusini na ng'ombe wao kutafuta malisho. Asubuhi moja Hajra alimkuta ng'ombe ameingiza kichwa kizima kisimani, miiba ya uzio imetawanyika. Akamtandika kwa fimbo. Limi, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, alimpokonya ile fimbo akaivunja kwa goti. Wakashikana. Waliangushana mchangani mpaka kanga zikafunguka, na walipochoka, wamekaa chini wanahema, Limi akasema, "Mayu, hasira yako ni ya haki. Lakini ng'ombe hajui."

Mayu kwa Wasukuma ni mama. Hajra hakulijua neno lile siku hiyo, ila sauti aliielewa. Kesho yake Luhende na wenzake walikwenda kuchimba visima vya mifugo mbali, kule mto unakoelekea, na toka hapo ng'ombe hawakuonekana tena penye visima vya watu. Toka hapo pia Hajra na Limi wakawa wanaongozana mtoni. Wa tatu wao alikuwa Zuleha, jirani yake Hajra, msusi wa nywele, mwanamke wa kucheka mpaka machozi yamtoke.

Habari za tamasha zililetwa na kijana wa Dar es Salaam aitwaye Ivan, mwenye miwani myeusi na gari jeupe. Mwenyekiti wa kijiji, Habibu, aliitisha mkutano akampa nafasi aseme. Ivan alieleza kwamba kampuni yao inaandaa muziki wa wazi, kutwa nzima, wasanii wenye majina, watu watatoka Ruangwa mjini, Nachingwea, Lindi, hata Dar. Alikuwa amezunguka sana kutafuta mahali.

"Nilikuwa natafuta jangwa," alisema, akinyoosha mkono upande wa mto. "Picha za jangwani ndizo zinazopendwa siku hizi. Basi nimelipata hapa kwenu. Na tamasha lenyewe tutaliita Jangwani."

Wanawake walitazamana. Zuleha aliziba mdomo kwa kanga asije akacheka.

"Na visima?" Hajra aliuliza.

Habibu alidakia kabla mgeni hajafungua kinywa. "Mama Rahimu, visima nitavisimamia mimi mwenyewe. Vitazungushiwa kamba na vitambaa vyekundu. Hakuna atakayevigusa."

Hajra aliridhika. Si kuridhika tu, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi. Maisha yake yote alikuwa akiufuata muziki, kwa miguu, kwa baiskeli, juu ya magunia ya korosho. Leo muziki unamfuata yeye. Walishona sare wote watatu, kitenge cha kijani chenye maua ya njano. Limi alisita, akasema Luhende atamwona amerudia usichana. "Mwambie aje aseme mbele yangu," Zuleha akamjibu.

Siku chache kabla ya tamasha njia ya mtoni ilifungwa. Mgambo waliwekwa, magari ya mitambo yakaanza kushuka, na kila nyumba ikaambiwa ijaze madumu mapema. Hajra alijaza yake akakaa kungoja Jumamosi.

Walishuka mtoni jua likiwa limeanza kuwa kali. Muziki uliwapokea wakiwa bado kwenye mikorosho ya juu. Besi ilikuwa ikipiga ardhini, wakaisikia nyayoni kabla ya masikioni, na Hajra akaanza kuongeza mwendo.

"Taratibu, shoga," Zuleha alimwambia. "Hakuna anayetaka kutuibia."

Mto ulikuwa umejaa watu. Jukwaa refu la vyuma lilisimama katikati ya mchanga, spika zimepandana kama magunia ghalani, vitambaa vya rangi vikipepea juu ya nguzo. Vijana kutoka mjini walikuwa wamejifunga vilemba na kuvaa kanzu za kukodi, wakipigana picha kama watu waliopotea jangwani. Kushoto, kwenye kona ya mto, lilisimama hema kubwa jeupe la waheshimiwa, limetandikwa zulia jekundu na viti vyenye vitambaa. Nyuma yake jenereta lilinguruma.

Hajra hakuangalia sana huko. Alijifunga kanga juu ya kitenge, akavua viatu akamkabidhi Limi, akaingia. Alicheza kama mtu anayelipiza. Wasichana wa mjini walimpisha, kisha wakamzunguka, kisha wakaanza kumuiga. Alicheza nyimbo asizozijua kana kwamba yeye ndiye aliyezitunga. Hata Limi, aliyeshika viatu vya watu watatu, alianza kutikisa mabega kwa namna ya kwao, kidogo tu, uso haucheki.

Kilichomsimamisha Hajra kilikuwa unyevu.

Nyayo zake zilikanyaga mchanga uliolowa. Aliinama akaushika, ukashikamana mkononi kama unga uliotiwa maji. Akainua macho. Lori la maji lilikuwa likipita polepole mbele ya hema la waheshimiwa, bomba refu nyuma yake likimwaga maji kushoto na kulia, na mtu juu ya lori akimwelekeza dereva asisahau pembeni.

"Wanafanya nini wale?" aliuliza.

"Wanatuliza vumbi," msichana mmoja wa mjini alimjibu. "Si unaona wageni wasije wakachafuka?"

Hajra aliyatazama yale maji yakizama. Nyumbani alikuwa amebakiza dumu moja na nusu. Yeye mwenyewe alikuwa ameoga asubuhi ile kwa kikombe.

"Mama Rahimu," Limi alimwita. "Nina kiu. Twende kisimani tunywe kwanza, tutarudi."

Walikwenda wawili, Zuleha akasema atawakuta. Walitafuta kamba na vitambaa vyekundu alivyoahidi Habibu. Hawakuona kamba wala kitambaa. Mwamba bapa ulikuwa palepale ukingoni, kwa hiyo hawakuwa wamepotea. Hajra aliuelekea mwamba, akaupa mgongo, akahesabu visima kichwani kama alivyozoea: cha mama Filbert, cha Hadija, cha bibi wa msikitini, changu. Macho yake yaliishia kwenye zulia jekundu.

Visima vilikuwa chini ya hema. Vyote. Pembeni ya zulia alama za magurudumu ya greda zilikuwa bado zinaonekana, mchanga umesawazishwa kama sakafu. Matawi ya miiba waliyozungushia visima yalirundikwa nyuma ya jenereta pamoja na chupa tupu. Na juu ya pale kilipokuwa kisima cha mama yake, kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, alikaa Habibu mwenyekiti, anakunywa maji ya chupa.

Hajra alihisi masikio yanaziba. Muziki ulikuwa unaendelea, lakini ulimfikia kutoka mbali, kama redio ya nyumba ya pili.

Alikwenda mpaka ukingo wa zulia. "Mwenyekiti."

Habibu aligeuka, akatabasamu, kisha tabasamu likafa alipouona uso wake. "Karibu, Mama Rahimu. Umependeza. Sare nzuri."

"Umekalia kisima changu."

Wageni wawili walicheka wakidhani ni utani. Habibu alinyanyuka, akasogea karibu, akateremsha sauti. "Leo siyo siku yake. Tutalizungumza Jumatatu, ofisini. Usinivunjie heshima mbele ya watu."

"Uliahidi kamba. Uliahidi vitambaa."

"Mipango ilibadilika. Walisema hapa ndipo penye upepo."

Ivan alikuwa amekwisha fika, simu ya upepo kiunoni. Alimsikiliza Hajra kwa adabu, akiwa amevua miwani. "Mama yangu, usiwe na wasiwasi," akasema. "Ni mchanga tu. Tukimaliza tutawafukulia vishimo vyenu."

"Vishimo?"

"Visima. Samahani. Lakini mama, mazingira haya ndiyo yanawatangaza. Watu watajua kumbe kusini kuna jangwa zuri namna hii."

"Hili siyo jangwa!" Hajra alipaza sauti, na sasa hata waliokaa nyuma walisikia. "Jangwa halina maji. Hapa pana maji, tunakunywa, tunapikia, tunaogeshea maiti wetu! Nani kakwambia jangwa?"

Minong'ono ikapita hemani. Mgeni mmoja mnene, aliyekaa mbele, alimuuliza Habibu kama ni kweli pale palikuwa na maji ya wananchi. Hapo Habibu akafanya jambo ambalo Hajra hajamsamehe mpaka leo. Alikohoa, akajibu kwa sauti ya mkutanoni:

"Mheshimiwa, vilikuwepo zamani. Lakini hivi visima vilikwisha haribiwa na ng'ombe wa hawa Wasukuma waliohamia. Ndiyo maana niliona hakuna hasara."

Limi alikuwa amesimama palepale, hatua moja nyuma ya Hajra, viatu vya watu watatu mkononi. Aliinamisha macho akaviangalia vile viatu kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Kijana mmoja nyuma yake akasema, "Si huyu hapa mmoja wao?" na mwingine akaiga mlio wa ng'ombe. Watu wakacheka.

Mpaka hapo Hajra alikuwa na hasira ya mtu aliyefukiwa kisima. Hii iliyompanda sasa ilikuwa nyingine kabisa. Alimwona Limi wa asubuhi zile, anamsaidia kujitwisha dumu. Alimwona Luhende akichimba visima vya mifugo kule mbali kwenye jua, bila mtu kumlazimisha. Na alijiona yeye mwenyewe mkutanoni, anapiga makofi. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alikuwa amenunuliwa kwa ngoma, bei rahisi, kama mtoto anavyonunuliwa kwa pipi.

Zuleha alifika wakati ule, jasho linamtiririka, akamshika mkono. "Shoga, nimesikia, nimesikia. Lakini angalia, Kiberenge anapanda jukwaani sasa hivi! Kiberenge mwenyewe! Leo tustarehe, kesho tutafukua. Kwani mchanga unakimbia?"

"Umesikia alivyosema juu ya Limi?"

"Maneno ya Habibu nani asiyeyajua? Twende."

"Niache mkono, Zuleha."

"Utaharibu siku ya watu wote kwa ajili ya shimo?"

Hajra alimtazama rafiki yake huyo, aliyekunywa maji ya shimo hilo toka wakiwa wasichana. Alijinasua mkono. Zuleha alisimama kidogo, midomo inacheza, kisha umati ulipopiga kelele kumpokea msanii, akageuka akaukimbilia.

Hajra akapiga magoti. Alishika pindo la zulia akalivuta kwa nguvu zake zote, viti viwili vikaanguka, chupa zikabingirika. Akatumbukiza mikono mchangani akaanza kufukua. Alifukua kama mbwa, mchanga ukirukia kanzu na suruali za watu. Limi aliviweka vile viatu chini, akavipanga vizuri, akapiga magoti upande wa pili.

"Mwondoeni!" Habibu alipiga kelele.

Mgambo walikuja, wakasimama. Hawakujua wamshike wapi mama wa watu. Wageni walinyanyuka mmoja mmoja wakisogeza viti. Mama Filbert, aliyekuwa akiuza karanga kule pembeni, aliliacha beseni lake akaja, akaokota sahani kwenye meza ya pilau akaanza kuchotea mchanga. Hadija naye akaja. Kisha mwingine. Kulikuwa na mihemo tu, na mikwaruzo ya sahani, na juu ya yote sauti ya yule Kiberenge akiwataka watu wainue mikono.

Mshereheshaji aliwaona kutoka jukwaani. "Oyaa, kule kwa waheshimiwa kuna nini?" alisema kwenye kipaza sauti. "Kina mama wanachimba dhahabu! Tuachieni na sisi jamani!"

Umati mzima uligeuka ukacheka. Simu ziliinuliwa juu, mamia, zote zikimwelekea Hajra aliyepiga magoti, kanga imelegea, uso una mchanga. Alizisikia zile kelele. Hakuinua kichwa. Kama angeinua, alijua angelia, naye hakutaka kuwapa na hilo.

Mchanga ulianza kuwa wa baridi. Kisha ukawa mzito. Hajra alilala kifudifudi, akazamisha mkono mpaka begani, na vidole vyake vikagusa maji. Moyo ukamruka kwa furaha. Alitoa kiganja kimejaa, akakileta usoni, na kabla hajanywa Limi akamshika mkono.

"Mayu, usinywe. Nusa."

Alinusa. Ilikuwa dizeli. Juu ya kile kiganja cha maji palielea utando wenye rangi rangi, kijani na zambarau. Wote waligeuka wakaliangalia jenereta nyuma ya hema, na pipa lililolazwa ubavuni mwake, na doa jeusi pana ambalo mchanga ulikuwa ukilinywa toka siku ile mitambo ilipoletwa.

Hakuna aliyecheka hemani. Huko nje walikuwa wanacheka bado, maana hawakuona.

Hajra alisimama. Alichukua glasi ya Habibu mezani, akamwaga maji yaliyokuwamo, akainama, akaijaza kutoka kisimani. Akairudisha mezani mbele ya kiti chake.

"Mwenyekiti, kunywa. Si umesema hakuna hasara?"

Habibu aliipiga ile glasi kwa kiganja. Ikaruka, ikamwagikia kitenge cha Hajra kuanzia kifuani mpaka chini. "Mpelekeni ofisini!" alisema. "Huyu anafanya fujo. Mpelekeni!"

Walimpeleka. Hakuwapa taabu. Alimwambia tu Limi, "Zuia watu wasinywe hapa," akatangulia mbele ya mgambo kama yeye ndiye anayewapeleka wao.

Ofisi ya kijiji ni chumba kimoja chenye benchi. Alikaa hapo mchana wote, akinuka dizeli, muziki ukimfikia kupitia dirishani. Wimbo mmoja ulikuwa ule aliokuwa akiupenda kuliko zote, ule ambao ukilia redioni huacha jembe. Aliusikiliza mpaka mwisho bila kutikisa hata kidole cha mguu, akishangaa jinsi ulivyo mtupu.

Habibu alikuja jua linakaribia kuzama. Alikuwa peke yake, kanzu ina vumbi. Alisimama mlangoni.

"Umeniaibisha, Mama Rahimu. Mbele ya wageni wangu."

"Aibu uliileta wewe, ukaifukia," Hajra alimjibu. "Mimi nimeifukua tu."

"Nenda nyumbani."

"Nitakwenda. Lakini kwanza useme ni nani kafukia visima. Ng'ombe, au greda?"

Habibu aligeuka. Aliuacha mlango wazi akaondoka yeye, ikawa Hajra ndiye aliyebaki ofisini kama mwenye nayo.

Kesho yake magari yaliondoka. Kampuni ilileta lori moja la maji, watu wakapanga madumu, na baada ya hapo hawakuonekana tena. Simu ya Ivan ikawa haipatikani. Maji ya konani yalinuka mafuta kila walipojaribu kufukua. Ilibidi wanawake wapande mto, mbali, mpaka kwenye mchanga wasiouzoea, wakichimba na kukosa, wakichimba tena.

Kisha picha ya video ya siku ile ikaja. Ni Zuleha aliyemletea, jioni, amekalia kigoda uani kwa Hajra kama kawaida, simu mkononi, anacheka. "Shoga, umekuwa maarufu! Tazama. Hata Nachingwea wanayo. Rahimu lazima ameiona."

Kwenye kioo Hajra alijiona amepiga magoti, anafukua kwa kasi. Mtu alikuwa ameiharakisha ile picha ili aonekane kama mwanasesere, akaiwekea wimbo wa Kiberenge chini yake, na kila alipotupa mchanga ngoma ilidunda. Juu pameandikwa: Bibi Dhahabu. Limi alionekana pembeni, na aliyeandika alikuwa amemchorea pembe.

Hajra aliitazama mara moja. Akamrudishia simu.

"Umecheka?" alimuuliza.

"Mbona kila mtu anacheka? Si kwa ubaya..."

"Nakuuliza wewe. Siwaulizi watu. Umeona zile pembe, ukacheka?"

Hajra aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango, akamwacha pale uani na simu yake ikiendelea kuimba.

Mkutano wa kijiji ulipoitishwa, Hajra alikwenda na Limi, na Limi alikwenda na Luhende, na Luhende na wazee wa kwao, ambao hawakuwa na mazoea ya kuhudhuria. Walikaa mbele. Habibu alisoma taarifa ya tamasha, akasema lilikwenda salama, akasema kuhusu maji kwamba kulikuwa na changamoto zilizosababishwa na mifugo pamoja na mambo mengine.

Hajra alisimama. "Mwenyekiti, rudia hapo penye mifugo. Rudia huku unamwangalia Limi."

Habibu aligeuza karatasi yake upande wa pili, ambako hakukuwa na maandishi. Mwishowe akasema kitu.

"Hatujasikia!" mama Filbert alisema kutoka nyuma.

"Ni greda," Habibu alisema. "Vilifukiwa na greda. Mimi niliruhusu."

Hawakumpigia makofi wala hawakumzomea. Luhende alitikisa kichwa mara moja kukubali, akavaa kofia yake. Habibu ni mwenyekiti mpaka leo, na Hajra akipishana naye njiani humwamkia kwa ajili ya umri tu, neno moja, bila kusimama. Watu wengine humwambia yaishe, amekwisha kiri mbele ya kijiji. Yeye huwauliza kama kukiri kumeondoa mafuta kwenye maji.

Siku chache baada ya mkutano, yeye na Limi walikuwa huko juu ya mto wakitafuta maji. Walikuwa wamekwisha acha mashimo mawili makavu. Hajra alikuwa shimoni mpaka kiunoni, Limi akipokea mchanga juu, walipomwona Zuleha anakuja peke yake kwenye ule mchanga mrefu, ndoo kichwani, kata ndani yake inagonga gonga. Alikuwa amevaa kanga ya kazi. Alisimama mbali kidogo, akaiteremsha ndoo.

"Hodi," alisema.

Hajra aliendelea kuchimba. Zuleha aliwatazama, kisha akamsogelea Limi. "Mama Mahona," alimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, jinsi wanavyoitana watu wanaoheshimiana, "ile picha nilicheka. Nilikosa."

Limi alimwangalia. "Nilijua umecheka," akasema. "Una sauti kubwa." Akaendelea kusukuma mchanga, lakini alisogea, nafasi ya mtu mmoja.

Zuleha akamgeukia Hajra aliyekuwa chini shimoni. "Shoga, sema chochote. Nitukane basi."

Hajra alijipangusa uso kwa mkono wenye matope. Alikuwa na maneno mengi, ameyalaza kifuani wiki nzima, na yote yalikuwa makali. Mengine aliyasema baadaye, moja moja, siku ambazo Zuleha hakutegemea, na Zuleha aliyapokea. Lakini wakati ule jua lilikuwa limepanda, na chini ya nyayo zake mchanga ulikuwa umeanza kuwa wa baridi. Alipanda juu, akachukua jembe la mkono, akamtupia miguuni.

"Shuka," alisema. "Chimba kwanza."